Usafiri safi ni suala la mapafu kabla ya kuwa suala la nyuzijoto

Wanaotilia shaka usafiri wa umeme wana hoja wanayoipenda kuliko nyingine zote: moshi haujaisha, umehamishwa tu. Gari halitoi moshi barabarani, sawa, lakini umeme wake umetoka kwenye mtambo unaochoma makaa ya mawe mahali fulani, kwa hiyo tumeruka majivu tukakanyaga moto. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na mtetezi wa usafiri safi anayeikwepa anajidhoofisha mwenyewe. Nitaijibu. Lakini kwanza tuulize kitu ambacho haikigusi: moshi huo, kabla haujahama, nani alikuwa akiuvuta?

Bomba la gari liko chini, karibu zaidi na pua ya mtoto mdogo kuliko ya mtu mzima. Linatoa moshi wake katikati ya watu, mbele ya nyumba, kwenye vituo vya basi, kando ya milango ya shule. Sumu hiyo huwa nzito zaidi kando kabisa ya barabara, kisha hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali. Mita mia chache tu zinaleta tofauti kubwa. Mtambo wa umeme una dohani ndefu, mara nyingi uko mbali na makazi, na ni mmoja. Serikali ikitaka kuufungia machujio inajua pa kwenda. Mabomba ya magari ni mamilioni, na kila moja lina mmiliki wake, fundi wake na visingizio vyake. Kuhamisha moshi kutoka puani mwa watu hadi kwenye dohani inayoweza kudhibitiwa, hata kama kazi ingeishia hapo, ni hatua kubwa ya afya ya jamii.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini-mashariki mwa London. Alikuwa na pumu kali. Katika miaka yake 3 ya mwisho alilazwa hospitalini takriban mara 30, akafariki Februari 2013. Mama yake hakukubali mambo yaishie kwenye neno pumu peke yake. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa mchunguzi wa vifo kutamka rasmi kwamba hewa chafu, iliyotokana hasa na magari, ilichangia kifo hicho. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza hewa chafu kuandikwa kama sababu ya kifo cha mtu. Sidhani alikuwa wa kwanza kufa hivyo. Alikuwa wa kwanza kuwa na mama aliyepigana miaka yote hiyo hadi maandishi yakalingana na ukweli.

Narudi kwa mtoto huyu kila ninaposoma mjadala wa usafiri safi ukiendeshwa kwa lugha ya mwaka 2050, ule wa kumaliza utoaji wa hewa ukaa, na nyuzijoto 1.5, kikomo cha kupanda kwa joto la dunia. Lugha hiyo ni ya kweli. Usafiri unatoa takriban asilimia 23 ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nishati duniani, na sehemu kubwa yake ni ya barabarani. Hakuna njia ya kuituliza tabianchi inayoziruka barabara. Tatizo ni kwamba mtu akiambiwa agharimike leo kwa faida itakayoonekana wajukuu wake wakiwa watu wazima, na faida yenyewe igawanywe kwa dunia nzima, ana haki ya kusitasita. Asichoambiwa ni kwamba sehemu ya faida inamrudia yeye, katika mtaa wake, ndani ya miezi. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyofikia viwango vyake, na moshi wa dizeli umewekwa rasmi kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 2012.

Kuhesabu hewa ukaa peke yake kumeshatuumiza. Injini ya dizeli hutumia mafuta machache kuliko ya petroli kwa safari ileile, na hivyo hutoa hewa ukaa kidogo zaidi. Kwa msingi huo Uingereza ilipanga kodi ya magari kwa kipimo cha hewa ukaa tangu 2001, na wanunuzi wakakimbilia dizeli. Nchi nyingine za Ulaya tayari zilikuwa zikiitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli. Mameneja wa tabianchi wakahesabu mafanikio, huku miji ikijaa oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu, na chembechembe za masizi. Kisha Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari takriban milioni 11 ya dizeli programu iliyoweza kutambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi kwa muda huo tu. Barabarani magari hayo yalitoa sumu mara nyingi zaidi ya kiwango. Sera iliyoangalia anga ikasahau koo la mtu anayetembea kando ya barabara ilizaa haya yote, na waliolipa hawakuwa wenye magari.

Sasa nirudi kwenye hoja ya moshi uliohamishwa. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu ya umeme inaopewa. Pale ambapo karibu umeme wote ni wa makaa ya mawe, faida ya tabianchi inaweza kuwa ndogo sana, na hapo wapinzani wako sahihi. Lakini pale penye maji, upepo, jua, jotoardhi, au hata mchanganyiko wa kawaida wa vyanzo, faida ni kubwa. Na kuna jambo jingine: gari la petroli litakuwa chafu vilevile au zaidi kadiri linavyozeeka, wakati la umeme husafika kila gridi inapoongezewa chanzo kisafi, bila mwenyewe kufanya lolote. Kutengeneza betri kunatoa hewa ukaa nyingi, ni kweli, na deni hilo kwa kawaida hulipwa ndani ya miaka michache ya matumizi.

Kobalti, madini yanayotumika kwenye betri nyingi za magari ya umeme, ni doa zito zaidi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kazi ya watoto kwenye machimbo madogo imethibitishwa mara nyingi. Siamini kwamba pumzi ya mtoto mmoja inunuliwe kwa mgongo wa mtoto mwingine. Betri za chuma na fosfeti, zinazotumika sana kwenye mabasi, hazina kobalti kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuanza na mabasi.

Hoja iliyo ngumu kweli ni ya nani alipe. Novemba 2018 Wafaransa waliovaa vizibao vya njano walijaa barabarani kupinga kodi ya mafuta iliyokuwa ipande Januari iliyofuata. Wengi waliishi mbali na kazi zao, mahali ambapo basi halifiki, na kwa miaka mingi serikali ileile ndiyo iliyowavuta wanunue dizeli kwa kuitoza kodi ndogo. Kuwaambia kwamba hawajali dunia ilikuwa dharau. Serikali iliifuta nyongeza hiyo Desemba. Mtu asiye na njia nyingine ya kufika kazini, ukimpandishia bei ya mafuta, atalipa na kuchukia. Hatabadilisha chochote.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ilianza upande wa pili. Mabasi ya ziada yaliletwa Agosti 2005. Tozo ya kuingia katikati ya jiji kwa gari ilianza kujaribiwa Januari 2006, miezi kadhaa baadaye. Magari yaliyoingia yalipungua kwa takriban moja ya tano. Kabla ya jaribio wakazi wengi walikuwa wakipinga. Septemba mwaka huohuo, baada ya kuona kwa macho yao, wengi wa wapiga kura wa jiji waliikubali, na utafiti uliofanywa baadaye uliona watoto wadogo wakipata shida za pumu kwa uchache zaidi. Tofauti na Ufaransa ilikuwa mpangilio: njia mbadala kwanza, tozo baadaye.

Ndiyo maana nasisitiza mabasi, reli, baiskeli na njia za miguu kabla ya gari binafsi la umeme. Gari binafsi la umeme bado linasimama kwenye foleni, bado linahitaji maegesho, na matairi yake bado yanatoa vumbi. Basi linazunguka siku nzima na kubeba makumi ya watu, kwa hiyo kila betri iliyowekwa humo inafuta moshi mwingi zaidi kuliko iliyowekwa kwenye gari linalolala kwenye maegesho. Kufikia mwisho wa 2017, jiji la Shenzhen nchini China lilikuwa limegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme. Lilipewa ruzuku kubwa, na si kila jiji lina hazina ya namna hiyo. Lakini halikubadili tabia ya abiria hata mmoja: walipanda basi kama kawaida, bila moshi.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni hatima ya magari yanayoachwa. Kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje, na kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa takriban asilimia 40 yaliingia Afrika. Nchi tajiri inaposafisha barabara zake kwa kusukuma dizeli kuukuu baharini, hesabu yake ya taifa inapendeza, lakini anga halijapata nafuu na mapafu yanayoumia yamebadilisha anwani tu. Hapo ndipo moshi unahamishwa kweli. Nchi 15 zilizokuwa wakati huo kwenye jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi (ECOWAS) zilikubaliana viwango vya magari yanayoingia na mafuta yanayouzwa kuanzia Januari 2021, zikabeba upande wao wa mzigo. Upande wa wauzaji bado unadaiwa: gari lisiloruhusiwa tena kuzunguka kwenye mitaa ya nchi linakotoka kwa sababu ya moshi wake lisipewe kibali cha kupakiwa melini, na gharama ya kulivunja iwe juu ya mfuko uleule wa umma unaolipa ruzuku ya gari jipya la umeme.