Nani anabisha hodi siku ya tano?

Mdogo wangu alinipigia simu ya video saa tatu usiku, huku kwangu Uingereza ikiwa saa moja jioni na jua bado liko juu. Mtoto wake alikuwa na siku nne. Hakupiga kwa sababu ya shida, alitaka tu nimwone mtoto amevaa kofia niliyomtumia. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kochi, taa ya sebuleni ni ile ya njano, na mama yetu anasikika jikoni akikoroga uji wa wimbi. Nikauliza ananyonya vipi.

"Ananyonya kidogo halafu analala, dada. Huyu ni mpole sana."

Moyo ulinishtuka. Mtoto wa siku nne ambaye halilii maziwa si mpole. Nikamwambia mdogo wangu ampeleke bafuni kwenye taa nyeupe, ambonyeze ncha ya pua kwa kidole, aachilie, anionyeshe rangi inayobaki. Kisha anifungulie mdomo nione ufizi. Kisha nyayo. Kwa ngozi zetu umanjano, ile rangi ya manjano inayowapata watoto wachanga, hujificha usoni, lakini weupe wa macho, ufizi na nyayo husema ukweli. Nyayo zilikuwa za manjano kama papai. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema sisi wote tulizaliwa hivyo, asubuhi mtoto atatolewa juani.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, lakini asubuhi ni mbali. Iteni teksi sasa hivi."

Walifika hospitali saa tano kasoro. Mtoto akawekwa chini ya taa za bluu za kutibu umanjano siku tatu, akapona. Leo ana mwaka na nusu na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko watoto wote wa ploti yao Kayole, Nairobi. Lakini mimi sijaacha kuufikiria usiku ule, kwa sababu kilichomwokoa ni kofia. Kama singeituma, mdogo wangu asingepiga simu.

Mimi ni mkunga. Nilisomea Kenya, nikafanya kazi miaka saba katika leba, yaani wodi ya kujifungulia, ya hospitali moja ya Eastlands, Nairobi, na mwaka 2022 nikaondoka kuja Birmingham, mwaka mmoja baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wauguzi. Nimejifungua mara mbili, mtoto wa kwanza Nairobi na wa pili hapa. Kwa hiyo ninaposema nitakayoyasema, nimelala kwenye vitanda vya pande zote mbili na nimesimama kando ya vitanda vya pande zote mbili.

Watu wengi nyumbani hudhani kwamba Uingereza mama akijifungua hukaa hospitali akitunzwa wiki nzima. Sivyo. Mama aliyejifungua salama, kwa njia ya kawaida, anaweza kwenda nyumbani saa sita tu baadaye. Nairobi mdogo wangu alikaa usiku mzima, akatoka kesho yake asubuhi. Kwa hesabu ya saa, sisi ndio tulimkalisha zaidi. Tofauti iko baada ya mlango wa wodi. Hapa mkunga hufika nyumbani kwa mama kesho yake. Hurudi siku ya tano, anampima mtoto uzito, na kama amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa hatoki hapo kabla ya kujua sababu. Anamdunga kisigino na kudondosha matone manne ya damu kwenye kadi, yanayopelekwa maabara kutafuta magonjwa ya kurithi, likiwemo selimundu (sickle cell), ugonjwa unaosumbua watu wetu kuliko wao. Anamtazama mama anyonyeshe. Anakagua mshono. Huendelea kumfuata hadi siku ya kumi au zaidi, kisha anamkabidhi kwa muuguzi mwingine wa watoto.

Mdogo wangu alipewa kijitabu cha mama na mtoto, mtoto akadungwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, akaambiwa arudi kliniki. Yeye alichosikia, kama wanavyosikia wengi, ni tarehe ya chanjo ya wiki ya sita. Kati ya geti la hospitali na wiki ya sita hakukuwa na mtu yeyote mwenye ujuzi aliyepangiwa kumwona.

Na siku zenyewe ndizo zile zile ambazo mambo huharibika. Umanjano hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Presha ya mama, hata yule ambaye hakuwa na presha wakati wa mimba, hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, kwa hiyo kifafa cha mimba kinaweza kumkamata mama akiwa nyumbani, wageni wamejaa sebuleni, yeye anasema tu kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, wanamwambia ni uchovu. Maambukizi ya mji wa mimba huanza na homa siku hizo hizo. Maziwa yanajaa, matiti yanakuwa mawe, mtoto anashindwa kushika chuchu. Na machozi yasiyo na sababu, ambayo kwetu hatuna hata adabu ya kuyauliza.

Si kwamba Kenya haijafanya kitu. Mwaka 2013 ada ya kujifungua iliondolewa katika hospitali za serikali, kisha ikaja Linda Mama, mpango wa serikali wa kuwalipia akina mama huduma za uzazi. Wakati nasoma, kazi kubwa ilikuwa kumshawishi mama asijifungulie nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha karibu asilimia 62 ya uzazi ulisimamiwa na mtu mwenye ujuzi. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 89. Huo ni ushindi mkubwa na wauguzi ndio walioubeba. Lakini utafiti huo huo wa 2022 ulihesabu watoto 21 wanaofariki kabla ya kumaliza mwezi, katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Akina mama tumewafikisha hospitali. Tukawatoa geti la nyuma, tukadhani kazi imekwisha.

Nataka niseme neno kuhusu wauguzi wenyewe, maana najua maoni yatakayofuata. Watasema wauguzi wa Nairobi ni wakali, na wa ng'ambo ni wapole. Niliwahi kumfokea mama. Alikuwa msichana wa miaka 19 hivi, mimba ya kwanza, njia ya uzazi imefunguka sentimita sita. Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili, akina mama 21, vitanda 14. Nilikuwa namshona mwingine, na huyu msichana anaita "sista, sista, sista", nikamgeukia nikamwambia anyamaze, wenzake mbona wamenyamaza. Akanyamaza. Akashika chuma cha kitanda, akauma leso, na hakuniita tena mpaka kichwa cha mtoto kilipoonekana. Kunyamaza kwake nimekuja nako hadi huku.

Hapa kanuni ni mkunga mmoja kwa mama mmoja uchungu unapokolea. Mimi ni yule yule, mikono ni ile ile, lakini sasa nina nafasi ya kukaa kwenye kiti kando ya mama na kumsugua mgongo. Upole wangu haukutoka kwenye ndege. Ulitokana na idadi. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho sitakubali kukiwekea kisingizio cha idadi. Huku kabla sijamgusa mama nauliza, "Naomba nikupime njia, ni sawa?" Akisema ningoje, nangoja. Nairobi tulisema "panua miguu". Kuuliza huchukua sekunde tatu na hakuhitaji bajeti ya kaunti.

Anayetilia shaka uwezo wa wenzangu nyumbani atazame kazi ya kuzuia mama kuvuja damu. Zamani tulikadiria damu kwa macho, ukiangalia shuka na pamba unasema labda ni mililita 300, kumbe ni 800. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliongozwa na chuo kikuu cha hapa Birmingham lakini ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Chini ya mama kunawekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari, muuguzi hangoji jambo moja lishindikane ndipo ajaribu lingine. Anakanda mji wa mimba, anatoa oksitosini ya kukaza mji wa mimba na dawa ya kuzuia damu kuvuja, anaweka dripu, anatafuta palipochanika, yote kwa mkupuo. Visa vya kuvuja damu vya hatari vilipungua kwa asilimia 60. Walioifanya kazi hiyo ni wakunga wetu, kwenye wodi zetu.

Wala Uingereza si peponi. Machi 2022 ripoti ya mkunga Donna Ockenden ilichunguza huduma za uzazi katika sehemu moja ya nchi hii na kuonyesha kwamba watoto 201 waliofariki wangeweza kuishi kama mama zao wangehudumiwa vizuri. Mwanamke mweusi hapa yuko katika hatari ya kufa kwa sababu ya uzazi zaidi ya mara mbili ya mzungu. Nilipokuwa na uchungu wa mtoto wangu wa pili, nilisema mara tatu kwamba maumivu haya si ya kawaida kabla mtu hajanisikiliza, nami ni mkunga mwenzao.

Na kuna upweke. Sijui niuelezeje kwa mtu aliyezaa akiwa kwao. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mama alishuka kwenye matatu ya Murang'a na gunia la njahi, ndizi, na kuku wawili wamefungwa miguu. Alikaa miezi miwili. Sikuosha kikombe. Akina mama wa chama chetu cha kuchangiana walikuja na unga, sukari na nepi, wakaimba, wakamshika mtoto kwa zamu nikalala usingizi wa mchana. Huku mama alinyimwa viza. Siku ya nne baada ya upasuaji nilipanda ngazi na mtoto mkono mmoja na mfuko wa maziwa mkono wa pili, mume wangu yuko zamu ya usiku kwenye ghala. Mkunga alikuja, alikuwa mzuri, aliona kila kitu alichotakiwa kuona, akakaa dakika 25, akaondoka. Mlango ukafungwa. Nililia mpaka mtoto akaamka.

Kwa hiyo sisemi tuige Uingereza. Mkunga wa huku anaingia nyumba isiyo na watu. Nyumba za Nairobi zina watu tele, na kati yao hakuna anayejua kubonyeza pua ya mtoto akaangalia rangi. Kile ambacho wao hawawezi kukinunua sisi tunacho bure. Kilichobaki kwetu ni kidogo, na kinachoniuma ni kwamba kinawezekana.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na begi lake. Ndani ya begi kuna mashine ya presha, kipimajoto, mzani. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana. Ploti ya mdogo wangu ina mhudumu kama huyo, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake! Hakujua kwamba jirani amezaa, kwa sababu hospitali haikumwambia mtu. Ujumbe mmoja wa simu kutoka wodini, mama anaporuhusiwa, ungetosha kumfanya abishe hodi siku ya pili na siku ya tano. Apime presha ya mama. Apime joto la mtoto na uzito wake. Aangalie nyayo mchana, mlangoni, penye mwanga. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2022 linasema mama na mtoto wakae angalau saa 24 chini ya uangalizi, kisha waonwe tena mara tatu, ya kwanza kati ya saa 48 na 72. Kwa mama wa Kayole, Mathare au Dandora, ambaye ameshonwa na barabara ni mashimo, kumwambia apande boda siku ya tatu arudi kliniki ni kumwambia asije.

Na mhudumu huyo awe na muuguzi wa kumpigia simu. Wauguzi hao wako wapi? Wako nyumbani wakitafuta kazi. Mkataba ulionileta huku ulielezwa kuwa ni wa kuwapa nafasi wauguzi wa Kenya wasio na ajira. Nchi inawezaje kuwa na wauguzi wasio na kazi, na akina mama wasio na muuguzi, katika mtaa mmoja? Hilo swali nimelibeba tangu nilipopanda ndege, na sijaona kiongozi akilijibu.

Mdogo wangu ni mjamzito tena, anatarajia mwezi wa Agosti. Nimezungumza na mwalimu wangu wa zamani wa leba, sasa amestaafu, anaishi Umoja. Atapita siku ya pili, ya tano na ya kumi. Nilipomuuliza nimlipe ngapi, alisema nitume nauli tu, na nimwambie mama aache uji kwenye thamosi. Yule jirani wa nyumba ya tatu naye atakuwepo siku ya tano, aone jinsi pua inavyobonyezwa.