Pantoni ya Kigamboni nayo ni safari ya bahari

Mtu akipanda boti ya kwenda Zanzibar, huaga nyumbani. Ataulizwa kama kitambulisho amebeba, ataambiwa asijaze tumbo asubuhi, na ikiwa ni msimu wa kusi mama yake atapiga simu kuuliza bahari ikoje. Mtu yule yule akivuka na pantoni hapa Dar es Salaam, kutoka Magogoni upande wa mjini kwenda Kigamboni, haagi yeyote. Ni dakika chache, ng'ambo unaiona, hata kukaa huhitaji. Kwa maoni yangu, woga wetu tumeuweka upande usio wake.

Sisemi kwamba njia ya Zanzibar haijatuletea vilio. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mwaka haujaisha, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyong'oa nanga hapa hapa Dar ikazama karibu na Chumbe. Skagit ilijengwa kwa ajili ya maji tulivu ya jimbo la Washington, Marekani. Ikaletwa kwenye mkondo wetu na kukutana na upepo wa Julai. Leo kwenye njia hiyo tiketi ina jina lako, viti vinahesabika, na ukikuta boti imejaa unangoja inayofuata hata ukigomba vipi. Saa mbili hivi za baharini, na nchi kavu kuna karatasi inayosema nani yumo ndani.

Sasa angalia vivuko vifupi. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 katika Ziwa Victoria, ikiwa imebakiza mita chache tu kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Wenzetu wa Mombasa wana Aprili 29, 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu kabisa na ufukwe na watu 272 wakafa. Huko huko Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, Septemba 2019, gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri likatumbukia na mama na mtoto wake wakiwa ndani. Katika misiba yote hii mitatu nchi kavu ilikuwa inaonekana.

Ukifika Magogoni jioni, watu wakitoka kazini, utaelewa ninachosema. Ukumbi wa kusubiria umefurika, wa nyuma wanasukuma wa mbele. Geti linafunguliwa na watu wanatoka mbio, kana kwamba aliyewahi atafika ng'ambo kabla ya pantoni yenyewe. Mama aliyetoka soko la Feri ana ndoo ya samaki kichwani na maji ya barafu yanamchuruzikia begani. Pembeni yake bodaboda haijazima injini. Nyuma yake gari dogo linajipenyeza katikati ya miguu ya watu. Jaketi okozi zipo, zimepangwa juu. Ukiuliza ni abiria wangapi wanaozifikia kwa mkono katika msongamano ule, utachekwa. Na wenye magari hubaki ndani, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinapuliza.

Kadi pale getini inajua umelipa. Haijui umepanda pantoni ipi, maana unaweza kuingia ukumbini sasa na kuvuka safari mbili baadaye.

Najua jibu la kwanza litakuwa daraja. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016 na limesaidia sana wenye magari, lakini linatua Kurasini. Anayefanya kazi Posta, katikati ya mji, au anayeuza Kariakoo hawezi kuuzunguka mji kila siku wakati Kivukoni iko mbele ya macho yake. Boti ndogo za viti zilizoongezwa nazo ni msaada, ila mkokoteni na bodaboda havipandi humo. Pantoni itabaki kuwa ya wengi.

Kinachoniudhi zaidi ni ukosefu wa akiba. MV Magogoni, yenye uwezo wa kubeba watu 2000 na magari 60, ilipopelekwa Mombasa kukarabatiwa mwaka 2023, mzigo wote ukawaangukia wadogo zake, MV Kigamboni na MV Kazi. Chombo kikubwa kikiondoka bila mbadala wake, foleni inarefuka, na foleni ikirefuka yule mlinzi wa geti anakuwa na kazi ngumu kuliko nahodha. Ni nani atawafungia geti watu mia nane wenye hasira?

Nauli ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012 tulipiga kelele mji mzima, na waziri wa ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akasema asiyeweza kulipa apige mbizi. Kauli ile tunaikumbuka mpaka leo. Kuhusu idadi ya watu ndani ya pantoni sijawahi kusikia kelele za namna hiyo.

Mimi ningeanza na ubao. Kila pantoni iandikwe uwezo wake kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ukumbini, na geti la mwisho, lile la kuingilia chomboni, ndilo lihesabu watu. Magari yapande kwanza, yazimwe, abiria wake washuke na kusimama na wenzao. Kisha ndipo wenye miguu waruhusiwe. Kila safari itachelewa kidogo, na mabosi wa Posta itabidi wazoee.