Nimeacha Kazi kwa Ajili ya Maharage

Jamani, nimeacha kazi. Sijafukuzwa, nimeacha, na aproni nimeirudisha ikiwa imefuliwa, maana sisi tulilelewa. Kisa ni maharage.

Bosi wetu alitokea Dar. Kule, anasema, maharage unabandika saa mbili asubuhi, saa nne yako mezani. Sawa. Lakini huku Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Yanatokota kwa mbwembwe, mvuke mpaka darini, ila makali hayana. Maharage yanazunguka humo sufuriani kama watalii. Nikamweleza. Akaniuliza, "Kwa hiyo unamsingizia mlima?" Nikamwambia basi tununue sufuria la presha. Akasema linakula hela. Mkaa uliokuwa unateketea pale sijui ulikuwa unakula majani.

Tena mwezi wa saba! Saa kumi na moja alfajiri, mlima Loleza wote umemezwa na ukungu, vidole havishiki kisu. Nikishawasha jiko nalikumbatia kwanza, kupika baadaye. Ikifika saa saba mteja anagonga meza: "Mpishi, haya maharage au gololi?" Siku bosi aliyonikata elfu kumi kwa sababu gololi moja imemtikisa mteja jino, nikavua aproni.

Sasa nifanye nini? Hapo kila mtu amegeuka mshauri. Shemeji anasema nipande parachichi, Rungwe watu wamejenga. Kweli wamejenga, lakini mche wenyewe unataka kama miaka mitatu ndipo uanze kukupa cha maana, na mwenye nyumba wangu hapokei kodi ya majani. Jamaa yangu mwingine ananiita Tunduma tukabadilishe kwacha. Mimi huyu ambaye chenji ya chapati mbili inanitoa jasho!

Bajaji nimejaribu. Siku moja tu. Pale Mafiati akapanda mama wa Uyole na gunia la viazi, lumbesa ile yenyewe, gunia lililobeba gunia jingine kichwani. Tukaanza kupanda, gurudumu la mbele likainuka kama jogoo anayetaka kuwika. Mama wala hakushtuka. "Endesha, mwanangu, huyo atashuka." Gurudumu lilishuka, lakini jioni hesabu ya mwenye bajaji ilikuwa pungufu na mgongo wangu umepinda.

Kuna usiku nilipata akili: nifungue mgahawa wangu. Nikachukua daftari. Wali wa Kyela, ambao ukifunua tu sufuria harufu inakwenda yenyewe kuita wateja mpaka Kabwe. Nikaandika bei, nikaandika sahani, nikafika kwenye mboga. Mboga ya bei rahisi ni ipi? Nikafunga daftari nikalala.

Jana Mama Neema anatoka kwenda Mwanjelwa, ananiambia, "Baba Neema, kwa kuwa siku hizi upo upo tu, niangalizie hilo jiko, nikirudi tule." Nikafunua kifuniko. Ndiyo yale yale, yananitazama.

Karudi saa nane. Kachota moja na mwiko, kalitafuna, kalitafuna, kaniangalia kwa huruma.

"Na yule bosi alikuwa anakulipa kabisa?"