Benchi la bibi tunalipenda, ila nani anamsimamia bibi?

Kila mada ya afya ya akili ikiibuka lazima atokee mtu alitaje lile benchi la Zimbabwe, na sishangai, maana ni stori tamu. Kwa ambaye haijui: Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili Harare, mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua, na alipouliza kwa nini hakuletwa hospitali akaambiwa nauli haikuwepo, kama dola 15 hivi. Mwaka uliofuata akaanza kitu pale Mbare, mtaa wa Harare, akiwa na akina bibi 14 wa kusikiliza watu wenye mawazo, chumba hakuna, bajeti hakuna, basi wakakaa nje ya kliniki kwenye benchi. Yeye alitaka kuliita benchi la afya ya akili, akina bibi wakamkatalia katakata, nani atakuja kukaa hapo mtaa mzima unamwangalia? Likaitwa benchi la urafiki.

Kitu ninachokipenda zaidi ni lugha. Hawakuwaambia watu kwamba wana sonona (depression), walitumia neno la Kishona lililokuwepo siku zote, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Na sisi si tunalo hilohilo? Mtu akikonda, akawa halali, akawa anajibu mkato, utasikia "yule ana mawazo". Hakuna anayesema ana sonona, hilo ni neno la semina na taarifa ya habari.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndo watu wanaanza kurusha namba bila kuzisoma. Utafiti mkubwa wa benchi ulitoka mwishoni mwa 2016, kliniki 24 za Harare, watu 573. Nusu ya kliniki wagonjwa walikaa na bibi, vikao 6 vya kutatua matatizo hatua kwa hatua, nusu nyingine walipata huduma ya kawaida iliyoongezewa elimu kidogo. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa asilimia 13.7, upande wa pili 49.9. Hiyo tofauti si ya kubeza hata kidogo, kuna matibabu ya bei mbaya yangeililia.

Ila soma mpaka chini. Zaidi ya 8 kati ya kila washiriki 10 walikuwa wanawake, kwa hiyo tukisema "inafanya kazi" tuwe wakweli kwamba mwanaume wa miaka 35 mwenye madeni na pombe bado ni swali. Waliokuwa na nia ya kujidhuru au waliochanganyikiwa hawakuingizwa kwenye utafiti, na hilo ni sahihi kabisa kimaadili, shida inakuja pale kiongozi anaposimama jukwaani kuongea kana kwamba benchi litatuondolea haja ya hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Halafu vipimo vyenyewe ni dodoso, mtu anaulizwa anajibu, na mtu aliyehudumiwa vizuri na bibi wa watu anaweza kupunguza chumvi kidogo ili asimvunje moyo. Sisemi walidanganya, nasema tunajuana.

Na kuhusu madodoso kuna jambo huwa linanikera. Lile la maswali 9 linalotumika karibu dunia nzima, ukifikisha pointi 10 kati ya 27 unahesabika una dalili za maana, lina swali la usingizi na swali la hamu ya kula. Muulize mama anayelala na watoto wanne chumba kimoja chenye joto na mbu, usingizi ukoje. Muulize anayekula mara moja kwa siku kuhusu hamu. Pointi zinapanda, lakini ni ugonjwa au ni maisha? Wapinzani wa benchi wanapiga hapohapo: unamkalisha mtu kwenye benchi umfundishe kutatua matatizo wakati tatizo ni kodi ya nyumba, na kodi hailipwi kwa maongezi. Hoja nzito hiyo. Ila ukisikiliza kinachofanyika kwenye vile vikao, bibi hamwambii mtu "fikiria mazuri", anamwambia taja matatizo yako yote, haya chagua moja, tunaanza na lipi, wiki hii utafanya nini, nani unaweza kumwona, ukirudi utaniambia umefika wapi. Mtu aliyezidiwa na mawazo hata kwenda ofisi ya mtaa kuomba barua hawezi, anaahirisha kila siku, kwa hiyo kumsogeza mpaka akaamka akaenda si jambo dogo. Kodi iko palepale, sawa, lakini angalau ameshaenda kuongea na mwenye nyumba.

Nairobi pia walijaribu kitu cha jamii hiyohiyo, wahudumu wa afya ya jamii kufundishwa mpango mfupi wa vikao 5, wanawake 421, wengi wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, matokeo yakatoka 2017. Waliohudumiwa walipata nafuu zaidi ya wenzao, ila pengo lilikuwa la kadiri, kama pointi 3 na kidogo kwenye kipimo cha pointi 36. Naitaja makusudi maana hii hakuna anayeitaja. Tunaikumbuka Harare kwa sababu ina bibi na benchi na picha nzuri.

Sasa niseme la kwangu. Mama yangu mkubwa baada ya kufiwa na mumewe alianza kulalamika moyo unaenda mbio, kichwa, halali. Nikampeleka zahanati moja hapa Dar, foleni asubuhi yote, tukaingia, nesi kapima presha iko juu kidogo, kauliza "una tatizo lingine?", mama mkubwa kaniangalia mimi kisha kaangalia mlango uliokuwa wazi na watu wamejaa kwenye benchi la nje, kasema hapana. Dakika nne tumetoka na vidonge. Yule nesi simlaumu, alikuwa peke yake na ile foleni, na sijui na yeye nyumbani kwake nani humuuliza hali.

Aliyemfungua mdomo alikuwa mama mmoja wa mtaani anayekaanga vitumbua, wakawa wanakaa barazani kila jioni, na kwa wiki mbili hivi niliona kabisa mama mkubwa anarudi mwepesi, hata akaanza kupika tena. Ningeishia hapa ningekuwa nimeandika tangazo la benchi la urafiki. Kilichofuata ni kwamba siku moja kwenye kikoba, mwanamke mwingine kabisa akamwambia mama mkubwa "pole dada, nimesikia na yale madeni aliyokuachia marehemu". Mama mkubwa alirudi nyumbani hakusema neno.

Ndo maana nikisikia watu wanasema "Waafrika tunayo mabaraza, tunao bibi zetu, hatuhitaji wataalamu" huwa nakaa kimya kidogo. Busara tunayo, na umbea tunao pia, vyote vinakaa baraza moja. Wale akina bibi wa Harare hawakuokotwa njiani, walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji, wakapewa mafunzo, wakapewa utaratibu wa kufuata, wakapewa dodoso la Kishona la maswali 14 lililotengenezwa kwao, na juu yao kuna msimamizi. Akikutana na mtu anayetaka kujidhuru habaki naye mwenyewe, anampandisha ngazi. Siri ni sehemu ya kazi. Mama vitumbua hakufundishwa na mtu, na moyo wake ulikuwa mzuri tu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa benchi, ila nina wasiwasi na namna tunavyolinakili. Benchi lenyewe ni mbao na misumari, fundi yeyote anakuchongea. Gharama iko kwa msimamizi, kwenye vocha ya simu, kwenye dawa zinazotakiwa ziwepo kule rufaa anakopelekwa mtu, na hivyo ndo vinavyokatwa kwanza bajeti ikibana. Zanzibar wazo hili limeshafika, New York pia wamewahi kuweka mabenchi yao ya rangi ya chungwa. Kenya mwaka 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kwa posho ya shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, Tanzania ikafuata Januari 2024 na mpango wake wa wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka 5. Hao ndo watakaoambiwa "ongezeni na afya ya akili kidogo". Mtu huyohuyo afuatilie chanjo, TB, wajawazito, vyoo, halafu jioni asikilize kilio cha mjane kwa saa nzima na asimwambie mtu. Yeye mawazo yake akayamwage wapi?

Ukiniuliza nianze na nini, nitaanza na mlango wa kufungika pale zahanati, halafu msimamizi mmoja anayelipwa kwa kila wasikilizaji wachache, ndo baadaye tuongee habari ya kuchonga mabenchi.

Mama mkubwa bado anapita pale asubuhi kununua vitumbua, wanasalimiana vizuri tu. Akiulizwa anaendeleaje anajibu "presha tu, mwanangu, presha tu", anachukua mfuko wake anaondoka.