Nilitaka Matairi Tu

Jamani, mimi nilitaka matairi tu. Manne, ya pikapu yangu, yenye meno ya kula tope, ili mara moja moja nitoke na familia tukalale porini kama binadamu waliochoka na kelele. Fundi akaniangalia, akafuta mikono, akasema, "Bosi, ukitoka tairi la kimo cha inchi 29 ukaenda 33, utarudi." Nikadhani ananitafutia biashara. Kumbe alikuwa ananionea huruma.

Kona ya kwanza tu, krrrr! Tairi linasaga madigadi. Ikabidi pikapu inyanyuliwe: springi ndefu, shokapu ndefu. Iliponyanyuka, propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu ya injini nyuma, ikakaa mshazari usio wake, na mtetemo ukaingia kwenye kiti mpaka meno. Taa nazo zikaanza kutafuta nyota. Kila ninayepishana naye usiku ananimulika kwa hasira, na mimi nimewasha za chini!

Halafu spidomita. Tairi kubwa likizunguka mara moja linameza barabara zaidi, lakini yenyewe bado inapiga hesabu za tairi la zamani. Inasoma 80, kumbe tuko 91. Mke wangu ndiye aliyegundua. "Baba watoto, mbona leo miti inakimbia?"

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu. Lakini mtu akiwa na gari refu halafu mbele kuna bampa ya plastiki, anaonekana kama amevaa suti na kandambili. Nikaweka bampa ya chuma na winchi ya kujivuta ukinasa. Kilo 100 zikakaa puani, pua ikainama, ule urefu nilioulipia ukarudi chini. Springi nyingine, ngumu zaidi. Sasa gari likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Siku niliyolipitisha kwenye mizani ndiyo nilijua mimi ni nani. Kitabu cha gari kinasema linabeba tani moja, nami miaka yote nimeamini tani hiyo ni yangu. Kumbe chuma chochote unachofunga kinakula humo humo, na hata wewe dereva ni mzigo. Bampa, winchi, bati zito la kukinga injini chini, kava la bodi, droo, keria, hema la juu ya paa, friji, betri ya pili, tanki la ziada. Nilibakiwa na kilo 212. Mimi peke yangu 96. Mke wangu sikumuuliza, nina akili zangu. Na maji hayabembelezeki, lita moja ni kilo moja. Nikapiga hesabu mara tatu, jibu likawa lile lile: ama tubebe watoto, ama tubebe maji ya watoto.

Tukaenda hivyo hivyo. Maji kidogo, watoto wote.

Hilo hema la juu, anayeliuza hakwambii kwamba gari lililonyanyuliwa huwa linayumba. Mtoto akikohoa, wote tunapepesuka. Mke wangu akigeuka ubavu, nashika nguzo. Saa nane usiku kibofu kikaniita. Ngazi ina vipago vyembamba kama penseli, mguu mmoja una ndala, mwingine sijui ndala yake imeangukia wapi, na kipago cha mwisho hakifiki chini, kwa sababu ngazi ilipimwa kwa gari la kawaida na mimi nilishaliongezea urefu. Nikaning'inia hapo, nimekumbatia ngazi, najiuliza kama niruke au niamshe watu.

Nikaruka. Gari likatikisika, wakaamka wote.

"Baba, ni tembo?"

"Lala."

Nikiwa huko chini, friji ikaanza kulia: pii, pii, pii. Betri imeshuka. Betri ya asidi imeandikwa inatunza umeme wa saa-ampea 100, lakini ukitaka idumu, nusu ndiyo yako, nusu ni ya kuiangalia. Nikaizima friji. Asubuhi tukanywa maziwa haraka haraka kabla hayajaganda.

Kisha maji yakaisha, kama hesabu ilivyosema. Chanzo kilikuwa kilomita 6. Mwenye hema la chini angewasha gari akaenda. Mimi nyumba iko juu ya gari! Nikakunja magodoro, nikakunja ngazi, nikabana zipu kwa goti, nikafunga mikanda, mke amekaa pembeni juu ya ndoo tupu ananitazama bila kusema neno. Bora angesema.

Jana nimempelekea fundi malalamiko ya kuyumba. Akainama, akachungulia nyuma, akasema dawa ni kuongeza jani moja la springi kila upande. Nikamuuliza hilo jani lina kilo ngapi.

Akacheka mpaka akaweka spana chini.