Ozoni ibaki huko juu angani

Shangazi yangu amepikia kuni na mkaa tangu usichana wake. Leo akipanda ngazi tatu tu kifua kinapiga mluzi, na daktari amemwambia njia zake za hewa zimeziba kwa ugonjwa sugu. Juzi akanitumia video: jamaa wa koti jeupe na kimashine chake cha gesi ya ozoni. "Mwanangu, hii inasafisha mapafu. Ni oksijeni iliyoongezwa nguvu."

Si uongo mtupu. Ozoni ni oksijeni ya atomi tatu badala ya mbili, na hiyo ya tatu ndiyo mkorofi, inarukia chochote ikutanacho nacho. Ndiyo maana inaua vijidudu vya majini. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia hivyo mwaka 1906. Sasa, ngozi laini ya ndani ya mapafu nayo haisalimiki. Inavimba, njia zinabana, mwenye pumu anashikwa. Mkemia Schönbein, aliyeigundua mwaka 1839, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki la kunuka. Pua ilishatuonya mapema.

Kanuni za mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani zinaiita gesi ya sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana. Wauzaji wa tiba hiyo hujibu kwamba wao hawamvutishi mtu gesi: wanatoa damu, wanaichanganya na ozoni, wanairudisha mshipani. Haya, mapafu yamekwepa gesi. Lakini kiputo kikiingia mshipani kinaweza kuua, na ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa wa mapafu atapona bado haupo.

Kinachoniuma zaidi ni ile pampu ya salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, iliyolala kwenye kabati la vyombo. Nilimwambia aitumie mbele yangu. Dawa yote ikaishia ulimini! Nikachukua chupa ya nusu lita, nikatoboa kitako, nikapachika pampu na kuziba pembeni kwa gundi, ili dawa ielee kwanza ndani ya chupa badala ya kugonga ulimi. Ujanja huu si wangu: watafiti wa Cape Town waliupima kwa watoto wenye pumu, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba chupa hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua cha kazi hiyo hiyo.

Akavuta taratibu, akashikilia pumzi, akaachia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini dawa ya leo ina ladha ya embe. Chupa ilikuwa ya juisi.