Maporomoko Yako Chini, Gari Liko Juu

Mlima wa watu wengine una adabu. Unaupanda asubuhi na nguvu zako, ukichoka unateremka. Huu wetu wa Shimba Hills, kule Kwale, umepinduliwa. Gari linakuacha juu, unateremka msituni kama kilomita 2 huku ukipiga soga, unafika maporomoko ya Sheldrick, unaoga, unakula, unashiba, macho yanalegea, ndipo unaonyeshwa mlima. Na sisi watu wa Mombasa mlima tunaoujua ni ule wa kutokea ferini Likoni, na hata huo tunaupanda tukizozana na mikokoteni.

Balaa huanzia kwenye kundi la Wasapu. Mpangaji ameandika: saa 12:00 asubuhi, Likoni, ng'ambo. Kila mtu "nishatoka". Ukitaka kumjua mwongo, sikiliza sauti: anayesema yumo ferini na nyuma yake jogoo anawika, huyo yuko Kisauni na taulo kiunoni. Na njia haina huruma. Matatu mliyokodi hufuata barabara ya Ukunda, hukunja kulia Kombani, hupanda mpaka mjini Kwale, kisha kilomita chache tena hadi lango la hifadhi. Ndani hamtembei ovyo kwa miguu, kwa hiyo gari hilo hilo ndilo la kuwafikisha mnapokutana na askari wa wanyamapori wa kuwaongoza. Mkiondoka Likoni saa 1:00, mlima mnaupanda mchana mapema mkiwa bado watu. Mkiondoka saa 4:00, mnaupanda jioni mkikodolea saa, maana lango hufungwa saa 12:00.

Langoni nako kuna sarakasi. Mwekahazina amekusanya noti za mia mia, kazifunga kwa mpira wa nywele kama mahari. Taslimu hazipokelewi; hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Simu yenye akaunti ndiyo iliyokuwa ikipiga muziki tangu Likoni, sasa ina chaji asilimia 4. Lipieni jana yake, nyumbani, miguu ikiwa juu ya kiti.

Sasa maji. Tuseme mko 12. Kwa joto letu na kile kilima, mtu mzima anataka lita 2, na nusu ya hizo aziweke za kupandia. Mnunuzi kaleta katoni ya chupa 24 za nusu lita, anajiona waziri. Piga hesabu: ni lita 12, lita moja kwa kichwa, nayo huishia njiani mkiteremka. Isitoshe, chupa zenyewe haziingii. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi Juni 2020. Basi utawaona watu wazima 12 wamesimama langoni wakibugia maji kama ngamia ili yasipotee, na nusu saa baadaye wote 12 wanatafuta kichaka kwenye msitu wenye ndovu. Beba chupa ya chuma, kila mtu yake. Lita 24 ni kilo 24, na hakuna rafiki wa kukubebea hizo hata kama mlilelewa nyumba moja.

Viatu ndiyo kesi kubwa. Kuna mtu atakuja na ndara. Huyu hakosekani, hata mkiwa watatu, mmoja ni yeye. Ndara ikiloa, unyayo huteleza ndani yake, kidole gumba hubeba uzito wote, na kamba hung'oka palepale penye mteremko mkali. Wa pili kavaa raba nyeupe mpya, soli laini kama sahani. Juu ya jiwe lenye ukungu wa kijani, hiyo ni sabuni. Kinachotakiwa ni kiatu cha kufunika, soli yenye meno, kilichovaliwa wiki mbili mpaka kikauzoea mguu. Kata kucha usiku ule, kwa sababu kwenye kuteremka vidole hugonga mbele ya kiatu hatua baada ya hatua. Kaza kamba pale kifundoni ili kisigino kisitembeetembee. Jinzi iache nyumbani. Ikiloa ni mzigo, na haikauki mpaka ikuchubue mapaja ukatembea kama umepanda punda.

Nguo za buluu iliyokoza na nyeusi nazo ziache, mbung'o wanazipenda kuliko mwenyewe ulivyozipenda dukani. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Najua unafanana na kondakta wa zamani. Afadhali hivyo kuliko kuvua suruali mbele ya mashemeji. Ukigusa upupu, usijikune, kwani kukuna huvisukuma vinyweleo ndani zaidi. Bandika plasta ya kunata, uibandue, urudie.

Mpangilio wa safu watu huupuuza, halafu wanalaumiana. Askari mbele na bunduki yake, nyuma yake yule mzito kuliko wote, si yule mwepesi. Mwepesi akitangulia, kila akisimama kuwasubiri anapumzika, wazito wakifika tu yeye anaondoka, kwa hiyo wanaohitaji kupumzika hawapumziki kamwe. Mwenye nguvu akae mkiani ahesabu vichwa. Spika ibaki garini. Ndovu husikilizwa kabla ya kuonekana, tawi moja likivunjika askari anainua mkono na nyote mnanyamaza, na hilo haliwezekani huku taarabu inalia begani.

Mkifika, haya, kubali: maji yanamwagika kutoka kama mita 21, na baridi yake humfanya mtu akumbuke madeni. Msiruke kutoka kwenye miamba, chini kuna mawe na magogo yanayohamishwa na mvua. Maji yakibadilika rangi kuwa ya matope na kuanza kupanda, huko juu kumenyesha. Tokeni, msingoje kupiga picha. Mimi ningekwenda Julai au Agosti, masika yakiwa yamepita na maji bado mengi. Wanaokwenda Februari, kaskazi limekausha kila kitu, hupiga picha na bomba.

Chakula sasa, na hapa nasema na mpishi. Biriani usilete. Mbaazi za nazi usilete. Tui ndani ya sufuria iliyofunikwa, juani, tangu alfajiri, kufika saa 6 limechacha, na dalili zake zitakukamata katikati ya kilima. Mahamri makavu, mayai ya kuchemsha, tende, ndizi, njugu. Kula kidogo, mfuko ufunge, tumbili wanatazama.

Kisha mlima. Hatua fupi fupi, mdomo ufungwe, pua ifanye kazi. Ukishindwa kuvuta hewa kwa pua unakimbia mno. Kila baada ya dakika 10 simama dakika moja, simama tu, usikae. Anayekaa huvua viatu, na anayevua viatu mguu huvimba, kiatu hakiingii, tunaanza kuitana majina ya wazazi.

Ukifika nyumbani Jumapili utajisifu, hata kaimati utashuka kununua. Jumatatu paja linauma kidogo, unasema ni kazi ndogo. Kumbe misuli iliyokuwa ikikufungia breki kwenye kuteremka hulipiza siku ya pili. Jumanne asubuhi, nyumba zetu hizi za ghorofa ya nne bila lifti, unashuka ngazi kinyumenyume umeshika ukuta, mtoto wa jirani anakupita na begi la shule anakuamkia shikamoo babu. Na kabla ya ngazi kulikuwa na choo, nacho ni cha kuchuchumaa.